Gunia Linaloingia

Ukitaka kujua kama biashara ya posta ya nchi fulani na mataifa ya nje inakua au inadumaa, usianzie kaunta. Kaunta imepakwa rangi, ina feni, ina karani aliyefundishwa kutabasamu. Zunguka nyuma, ingia chumba kinachopokea magunia yaliyoshushwa uwanja wa ndege usiku wa kuamkia leo, uulize yamekaa sakafuni tangu lini. Mimi nimefanya kazi pande zote mbili hapa Dar es Salaam, tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi nilipostaafu, na wenzangu wengi hawakubaliani nami katika hili. Wao husema posta inakua kwa kile inachouza. Mimi nasema, kwa mambo ya nje, inakua kwa kile inachopokea: ule mzigo ambao stempu yake ilinunuliwa Muscat, London au Shenzhen, na fedha ya stempu ikabaki hukohuko.

Nilianza kama karani wa uchambuzi, enzi za Shirika la Posta na Simu. Mbele yangu kulikuwa na vijumba vya mbao, kila kijumba kikiwa na jina la nchi au la mji wa kupitishia, na kazi yangu ilikuwa kusoma anwani na kurusha. Barua za kwenda nje zilikuwa nyingi kiasi ambacho kijana wa leo hawezi kuamini. Idhaa za Kiswahili za London, Cologne, Moscow na Beijing zilikuwa zikisoma barua za wasikilizaji hewani, na mtu wa Nzega au Masasi alikuwa radhi kujinyima soda ili anunue aerogramu, ile karatasi ya buluu inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha, mradi jina lake lisikike redioni. Walikuwepo wazazi wenye vijana wanaosoma Urusi na Bulgaria. Walikuwepo marafiki wa kalamu wa Japani na Finland, ambao hawakuonana maisha. Walikuwepo wanafunzi wa masomo ya Biblia kwa njia ya posta, watu makini kuliko wote, wanaojibu maswali kwa wino wa rangi mbili na kusubiri cheti.

Upande wa kuingia ulikuwa na sura nyingine. Kutoka Uarabuni zilikuja barua nene za rejista zenye picha za harusi ndani, zikielekea Unguja na Pemba kwa ndugu waliotenganishwa na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kutoka Ulaya na Marekani yalikuja magunia ya vitabu, tunayoyaita gunia la M, ambapo gunia zima lina anwani moja tu, mara nyingi ya shule au misheni. Yalikuja maandishi ya nukta nundu kwa ajili ya wasioona, ambayo kwa makubaliano ya posta zote duniani hayatozwi ada. Na yalikuja magazeti, mizigo na mizigo ya magazeti na kalenda, bure kabisa, kwa watu ambao hawakuyaomba mara ya pili.

Mkuu wetu wa zamu alikuwa mzee wa Tanga, aliyeanzia kazi katika posta ya Afrika Mashariki. Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sana: hakuna gunia la kutoka nje litakalofunguliwa kabla halijapanda mizani, na uzito wake kulinganishwa na ule ulioandikwa kwenye hati iliyoambatana nalo. Kukiwa na tofauti, tuandike, tupige mhuri, nakala irudishwe kwa aliyetuma. Saa nane za usiku, magunia mengi, jasho, na sisi vijana.

Mwenzangu mmoja akamuuliza: "Mzee, si wamekwisha kupima kwao? Sisi tunarudia ya nini?"

"Mwanangu," akasema, bila kuinua macho, "wao wamepima ili walipe. Wewe pima ili ulipwe."

Sikumwelewa mpaka nilipohamishiwa ofisi ya hesabu za nje. Huko ndiko nilikokuta habari ambayo watumishi wengi wa posta hustaafu bila kuijua, acha wateja. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi 22 walikutana Bern, Uswisi, wakaunda umoja ambao leo tunauita UPU, Umoja wa Posta Duniani. Walikubaliana jambo ambalo hadi leo naliona la kijasiri: dunia yote ihesabiwe kuwa eneo moja la posta, na kila nchi ibaki na fedha ya stempu iliyouza, kisha ifikishe bure barua za wenzake. Hoja yao ilikuwa kwamba barua huzaa jibu. Wewe umenifikishia yangu, mimi nitakufikishia yako, ya nini kuhangaika na hesabu?

Hoja hiyo ilikuwa na busara kwa barua. Haikuwa na busara kwa gazeti, maana gazeti halijibiwi. Nchi tajiri zilichapa na kutuma kwa tani. Nchi changa zilizopata uhuru miaka ya 1960 zikajikuta na magunia yasiyo na mwisho ya kuchambua, kusafirisha na kugawa, wakati zenyewe zinatuma bahasha nyepesi. Ndipo mkutano mkuu wa UPU uliofanyika Tokyo mwaka 1969 ulipoamua kwamba anayetuma zaidi amlipe anayepokea zaidi. Malipo yakaanza 1971, kwa kilo. Haya ndiyo malipo ya kufikisha, na ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa mzee wa Tanga saa nane za usiku. Kila kilo ambayo hatukuiandika ilikuwa fedha ya kigeni tuliyoisamehe.

Hesabu zenyewe nilizikuta bado zikitajwa kwa faranga ya dhahabu, sarafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika mkononi. Baadaye ikaondolewa, ikaja SDR, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kipimo cha faranga 3.061 kwa SDR moja. Nayo vilevile huishiki mkononi. Nilizoea kuishi siku nzima katika fedha za kufikirika, halafu jioni natafuta nauli ya Gongo la Mboto.

Katika ofisi hiyo nilijifunza pia kuzitilia shaka takwimu za ukuaji. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, Nairobi na Kampala hazikuwa nje. Shirika la posta lilikuwa moja, stempu zilikuwa moja, zimechapwa majina ya nchi zote tatu juu yake, na ukiwa Moshi ulibandika stempu hiyohiyo kwa barua ya Arusha au ya Kisumu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Vitabuni, barua ya kwenda kwa shangazi Mombasa ikawa ya kimataifa, na hakuna mtu aliyeandika hata barua moja zaidi. Tangu nilipoelezwa habari hiyo, mtu akiniletea mchoro unaopanda juu, swali langu la kwanza ni mpaka gani umehamishwa.

Mwaka 1994 posta na simu zikaachana. Sikiliza, watu wa simu walikuwa na raha yao. Kila dakika ya mazungumzo na London ilikuwa fedha. Sisi tulibaki na majengo, baiskeli, masanduku ya barua na wajibu wa kufika kila wilaya. Na faksi ilikuwa tayari imeanza kula barua za kampuni, wakati kampuni za vifurushi vya haraka kama DHL zinachukua hati za benki na zabuni. Biashara ya nje, ambayo hapo awali ilionekana kama heshima ya taifa, sasa ikawa sehemu ya chakula chetu. Ndipo EMS, huduma ya posta ya haraka, ilipohama kutoka kona ya chumba hadi katikati.

EMS ilinifundisha kazi upya. Kabla yake, barua ikishaondoka Dar es Salaam ilikuwa imeondoka. Aliyebaki nayo ni Mungu na posta ya huko iendako. Kwenye EMS kila kipande kina namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi. Yetu huishia na TZ. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi: unazizidisha zile nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na kinachobaki unakitoa kwenye 11 ili upate ya tisa (ikitoka 10 unaandika 0, ikitoka 11 unaandika 5). Mtu akikuletea namba ya kubuni, mara nyingi hesabu inamkataa hapohapo. Nimewahi kumaliza ugomvi wa kaunta kwa kalamu na kipande cha karatasi, mteja akaniangalia kama mganga.

Lakini kilichonibadilisha ni ile safu ya matukio. Kila mahali kipande kinapopita, skana inakisoma na tukio linatumwa kwa aliyetoa mzigo. EMA, kimepokelewa kaunta. EMC, kimeondoka nchi ya kutuma. EMD, kimefika ofisi ya nchi ya kupokea. EME, kiko mikononi mwa forodha. EMH, tumejaribu kukifikisha tukashindwa. EMI, kimefika. Vijana wangu walizungumza lugha hii hata nyumbani. Mmoja alimwambia mkewe kwa simu kwamba yuko EMF anakuja, yaani ameshatoka ofisini.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho jinsi biashara ya nje inavyofia mahali ambapo mwenyewe haoni. Kulikuwa na nchi moja, siitaji, ambayo vipande vyetu vikifika kwao vilitoweka gizani. EMC yetu ipo, baada ya hapo kimya. Hatukupata EMD wala EMI. Huenda mzigo ulifika siku ya pili tu. Sisi hatukujua, na mteja wetu hakujua. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakituma nyaraka huko wakauliza mara moja, wakauliza mara mbili, halafu wakaacha kutumia posta kwa njia ile. Wakubwa wa posta ya nchi hiyo, nina hakika, walikuwa wakikaa vikao kutafuta kwa nini mizigo yao kutoka Afrika Mashariki inapungua. Pengine walidhani ni bei. Biashara yao ilikufa kwenye kaunta yetu kwa sababu ya skana ambayo mtu wao hakuiinua.

Na kinyume chake ni kweli. Kila EMD tuliyoipeleka ndani ya saa chache baada ya ndege kutua ilikuwa tangazo letu huko Frankfurt na Guangzhou, na hatukulilipia. Zaidi ya hayo, UPU na ushirika wa EMS walikuja na utaratibu wa kufungamanisha malipo na utendaji: usipotuma taarifa, au ukichelewa, unalipwa pungufu kwa kazi ileile uliyoifanya. Kwenye vifurushi vya kawaida nako, malipo ya msingi yakawekewa nyongeza kwa nchi inayofuatilia mzigo hadi mlangoni. Mkutano wa Beijing wa 1999 nao uliunda mfuko wa kuboresha huduma, ambao nchi zilizoendelea huchangia juu ya malipo ya kufikisha ili nchi kama zetu zinunue skana, mizani, magari na kompyuta. Masharti ni kwamba uandike mradi, na mradi unahitaji takwimu. Yule asiyepima usiku hana cha kuandika mchana.

Nisije nikaonekana ninahubiri tu. Chumba kile kilikuwa na vichekesho vyake. Mara kwa mara tulipata bahasha za Brunei Darussalam, kwa sababu mtu fulani mbali aliona "Dar" na "Salaam" akaona inatosha. Za Tasmania, kule Australia, zilitufikia pia, na zetu zilikwenda kuitembelea. Tulizigonga mhuri wa kupotea njia na kuziondoa kwa ndege ya kwanza. Nimemjua karani aliyekuwa akiziaga kwa jina.

Halafu, katika miaka ya 2010, Wachina wakaja, au niseme vijifurushi vyao. Barua za redio zilikuwa zimekwisha zamani. Vijumba vya mbao vilikuwa vimekaa vitupu. Sasa yakaingia magunia ya vipakiti vya plastiki vya kijivu, vyepesi, vyenye vitu lukuki: vifuniko vya simu, saa za mkono, sindano za kusukia, vipuri vya kamera, kope za bandia. AliExpress ilikuwa imefunguliwa mwaka 2010, na kijana wa Sinza aligundua kwamba anaweza kununua kitu cha dola mbili China na kikamfikia. Vingi vilikuwa na uzito usiofika nusu kilo. Mwisho wa aina hiyo ya pakiti ni kilo mbili.

Ofisini wengine walinuna. Hivi ni vitu vya kijinga, walisema, na malipo yake ni madogo. Malipo kwa kipande yalikuwa madogo kweli. Lakini ugumu hasa ulikuwa kwenye anwani. Barua ya zamani ilikuja na S.L.P., ikatumbukizwa sandukuni, mwenyewe akaja na ufunguo. Kijana wa AliExpress hana sanduku la posta. Baba yake alikuwa nalo kupitia shuleni, yeye hana. Kwenye fomu ya Wachina panapotakiwa mtaa na namba ya nyumba aliandika "karibu na msikiti wa Mtambani, uliza duka la Mpemba," kisha chini yake akaandika namba ya simu. Kwa kanuni zetu za zamani hiyo haikuwa anwani. Kwa kweli ilikuwa anwani nzuri kuliko zote tulizowahi kupewa, kwa sababu ilimfuata mtu popote alipo.

Tulipoanza kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi badala ya kusubiri hati ya wito ikae sandukuni, rafu zilianza kupungua. Operesheni ya anwani za makazi ikaja 2022, kabla ya sensa, mitaa ikapata vibao na nyumba zikapata namba, na hilo limesaidia madereva na watu wa bodaboda. Lakini hadi leo, kipakiti kikiwa na namba ya simu sahihi, mimi naweka dau langu hapo kabla ya kibao cha mtaa.

Vijifurushi hivyohivyo vilikaribia kuvunja UPU. Kwa viwango vya zamani China ilihesabiwa pamoja na nchi zinazoendelea, kwa hiyo ililipa kidogo kufikishiwa mizigo yake. Wamarekani walilalamika kwamba ni nafuu kutuma pakiti kutoka China hadi nyumbani kwao kuliko kuituma kutoka jimbo moja hadi jingine. Oktoba 2018 wakatangaza kwamba wanajitoa. Aliyeongoza UPU wakati huo alikuwa Mkenya, Bishar Hussein, aliyewahi kuwa Posta Masta Mkuu wa nchi yake. Ni mtu ambaye miaka kumi kabla yake aliona mkutano mkuu wa 2008, uliopangwa kufanyika Nairobi, ukihamishiwa Geneva kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi. Septemba 2019 pakaitishwa mkutano wa dharura Geneva. Ikakubaliwa kwamba nchi inayopokea zaidi ya tani 75,000 kwa mwaka inaweza kujipangia viwango vyake kuanzia Julai 2020, na wengine wafuate hatua kwa hatua. Marekani ikabaki.

Nakumbuka tulivyokaa kwenye chai tukibishana. Wenzangu waliona ni ubabe wa mkubwa. Ulikuwa ubabe, sikatai. Lakini hoja yenyewe niliijua: ilikuwa ni hoja ya mzee wa Tanga. Mpokeaji anadai haki ya mgongo wake. Tofauti ni kwamba safari hii mpokeaji alikuwa tajiri, na alisikilizwa kwa mwaka mmoja wakati haki hiyohiyo ya mpokeaji ilisubiri karibu karne nzima, tangu 1874 hadi 1971.

Sasa niseme kuhusu mizigo yetu ya kwenda, nisije nikadhaniwa siijali. Baada ya barua kufa, waliobaki kwenye kaunta ya nje ni watu wa hati, wanafunzi wanaotuma vyeti vyuo vya nje, na wafanyabiashara wadogo ambao hakuna mtu aliyewapanga katika mpango wowote: mchoraji wa Tingatinga anayekunja turubai ndani ya bomba la plastiki, wachongaji wa Mwenge, kina mama wanaouza kanga, batiki na vikapu vya Iringa kwa wateja wa Instagram. Kwa mizigo yao, mshindani mkubwa wa posta si DHL. Ni "mtu anayesafiri." Mswahili akiwa na kilo tatu za kupeleka Minneapolis, kwanza anauliza nani anaondoka wiki hii. Huyo haulizi fomu, anabeba, na anapokelewa uwanja wa ndege kwa pilau. Posta hupata mzigo pale mtu anayesafiri anapokosekana.

Kuwapata watu hawa kulitegemea fomu. Wamarekani walitunga sheria mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2021, kwamba taarifa za kila kifurushi chenye bidhaa zitangulie kwa kompyuta kabla ndege haijapakiwa. Kile kibandiko cha kijani, CN 22, ambacho kwa miongo tuliwaacha wateja waandike "zawadi" na kuondoka, sasa kikawa mlango. "Zawadi" haikubaliki, kompyuta ya huko inataka kujua ni kitu gani, kimetengenezwa na nini, kina thamani gani, kingapi. Tena Julai 2021 Ulaya ikafuta msamaha wa kodi kwa vitu vya chini ya euro 22, hivyo hata kikapu kimoja kikawa na kodi. Na mwenye kinyago cha mpingo alikuwa na lake: mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, ingawa kazi ndogo zilizokamilika zililegezewa masharti 2019.

Karani mmoja kijana alilifanya hili vizuri kuliko sisi wazee. Mama wa vikapu alikuja na mzigo umefungwa tayari, fomu imeandikwa "zawadi".

"Mama, shikamoo. Humu mna nini?"

"Marahaba mwanangu. Zawadi tu."

"Zawadi gani, mama? Wa huko Ujerumani hajui."

"Vikapu."

"Vya nini? Ukindu, milala, plastiki?"

"Milulu ya Iringa, na kamba ya katani."

"Vingapi? Na mteja amekulipa shilingi ngapi?"

Yule mama alitaka kukasirika, maana kuulizwa fedha mbele ya foleni si jambo la heshima. Binti akageuza skrini kidogo, akamwachia aandike mwenyewe. Kuanzia hapo mama hakwenda tena kaunta nyingine. Akileta wenzake, anawaelekeza kwake.

Mimi nilikuwa nimeshastaafu mambo ya Agosti 2025 yalipotokea. Kwa amri iliyotiwa saini Julai 30, Marekani ilifuta kuanzia Agosti 29 msamaha wa ushuru kwa bidhaa zisizozidi dola 800 zinazoingia, na ikataka ushuru ukusanywe kabla mzigo haujafika. Posta nyingi duniani hazikuwa na namna ya kuukusanya, na mashirika ya ndege hayakutaka kuubeba. Posta 88 zikasimamisha huduma, kwa sehemu au zote, na UPU ikatangaza kwamba siku hiyo mizigo ya posta kwenda Marekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na wiki moja kabla. Nimeona vita vya Ghuba, nimeona mashambulizi ya Septemba 2001, nimeona Korona ilipofungia ndege chini. Sikuwahi kuona karatasi moja ikifanya hivyo. UPU ilihangaika kuunganisha kikokotoo cha ushuru na mfumo wake wa forodha ili mtumaji alipie kila kitu hukohuko anakotumia, na posta moja moja zikaanza kurudi. Tena waliowahi kurudi ni wale ambao taarifa za mizigo yao zilikuwa safi tangu mwanzo: jina la kitu, malighafi, bei. Huwezi kukokotoa ushuru wa "zawadi".

Mama wa vikapu alinipigia simu. Namba yangu aliipata kwa yule binti. Nikaenda kwake Tabata, akanipa chai ya tangawizi, akatoa daftari la kurasa mia moja lenye picha ya Mlima Kilimanjaro juu. Ndani amechora mistari kwa rula: nchi, mji, tarehe ya kutuma, tarehe ambayo mteja ameandika amepokea, siku zilizopita. Toronto, Hamburg, Houston, Sharjah, Nairobi, Kigali. Bei zake anazipanga kutokana na daftari hilo. Nchi inayochelewesha anaiongezea fedha ya kumfidia mteja akilalamika, na zile mbili zinazochelewa kupita kiasi ameacha kuziuzia. Nilikaa ofisi ya hesabu za nje miaka mingi, na sikumbuki kuona ripoti iliyosomeka vizuri hivyo.

Nikamwonyesha mstari wa Hamburg, siku kumi na moja. "Hizi ni za posta yao au za forodha yao?"

"Mzee, mimi nitajuaje? Na mteja wangu ndiyo kabisa, yeye anasema tu vikapu vya Tanzania vinachelewa."

Nikaomba kalamu na rula. Nikachora safu mbili kati ya tarehe ya kutuma na tarehe ya kupokea, moja nikaiandika EMD, nyingine EME, nikamwonyesha kwenye simu yake pa kuzitazama. Tukaanza kujaza za Septemba.